Mboga Inaponyauka, Anza na Mzizi

Tuta langu la ngogwe pale Kigamboni lilikuwa na miche 12. Wiki ya 7 tangu niihamishe kutoka kitaluni, miche 4 ikaanza kulegea kila ifikapo saa 4 asubuhi, jua likiwa bado halijakolea. Nikaongeza maji. Baada ya siku 3 nikatia urea. Wiki iliyofuata nikaenda duka la pembejeo na jani moja la njano mkononi, nikauziwa dawa ya ukungu, nikapulizia jioni 2 mfululizo. Miche ikazidi kudumaa.

Jirani yangu, mama aliyelima mboga za kuuza kwa miaka mingi, alipita akasimama pale tutani.

"Mwanangu, huko chini umeshaangalia?"

"Bado, mama."

"Basi ng'oa mmoja tuuone. Huu hapa hauponi hata ukiuacha."

Akachagua uliokuwa hoi kuliko yote, akaulegeza kwa jembe, akaunyanyua taratibu na kuukung'uta mchanga. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu, kimoja kimeshikana na kingine, kama tangawizi changa. Ilikuwa minyoo fundo. Maji niliyoongeza, urea niliyotia na dawa niliyopulizia, hakuna hata kimoja kilichokuwa na kazi na minyoo ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia bustani za watu, uani, kwenye viroba, kwenye ndoo kuukuu na kando ya barabara, na nimeona kosa langu likirudiwa kila mahali. Mboga hazifi kwa kukosa huduma. Mara nyingi zinakufa kwa kuhudumiwa ugonjwa zisio nao. Tunatibu jani kwa kuwa ndilo tunaloliona, ilhali jani linatoa tu taarifa ya mambo yaliyoanzia mbali nalo. Anayetaka kuokoa mboga zake hana budi kuuliza maswali kwa mpangilio, na swali la mzizi lisiachwe likawa la mwisho.

Dalili moja, sababu nyingi

Jani hupoteza maji mchana kutwa kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mzizi huvuta maji mengine kutoka ardhini, shina huyapandisha, jani hubaki limesimama. Njia hiyo ikikatika popote, jani hulegea. Inaweza kukatika kwa sababu udongo umekauka, au umejaa maji hadi mizizi imekosa hewa. Huenda chumvi imezuia maji yasiingie mzizini, minyoo imeharibu mizizi, kiwavi aitwaye sota amekata shina usiku, au bakteria wameziba mishipa ndani ya shina. Sababu 6, na zote zinatoa picha ileile ya mmea ulioinamisha kichwa.

Njano nayo ni hivyohivyo. Njano ya njaa ya naitrojeni, njano ya maji yaliyotuama, njano ya virusi na njano ya jani lililozeeka tu, mtu akiziona kwa mbali atazipa dawa moja. Ndiyo maana jani moja lililochumwa na kupelekwa dukani haliwezi kumsaidia hata muuzaji mwenye nia njema. Amepewa neno moja la hadithi ndefu.

Soma tuta zima kwanza

Kabla ya kugusa mmea mmoja, simama mbali kidogo uangalie tuta lote.

Uliza kwanza ni mimea mingapi inaumwa na imekaaje. Mchicha, bamia na nyanya vikidumaa kwa pamoja na kwa kiwango kimoja, shuku maji, udongo au mbolea, kwa sababu magonjwa mengi huchagua aina ya mmea. Mche mmoja hapa na mwingine pale, kisha kesho majirani wao, hiyo ni dalili ya kitu kinachoambukiza. Ikiwa iliyodhoofika ni ile tu iliyo kando ya ukuta, chimbua uangalie: mara nyingi mafundi waliacha mabaki ya saruji na chokaa pale, na udongo wa namna hiyo huunyima mmea baadhi ya virutubisho hata kama vimo. Iliyo chini ya mwembe inapungukiwa na mwanga, na wakati huohuo inagombania maji na mizizi ya mwembe.

Swali la pili ni jani lipi limeanza. Mmea unapopungukiwa na naitrojeni, huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machanga, hivyo njano huanzia chini na kupanda. Potasiamu ikipungua, kingo za majani ya chini hukauka kana kwamba zimepitishwa kwenye moto. Magnesi ikipungua, majani ya chini huwa njano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani. Chuma hakihami, kwa hiyo kikikosekana huanza kuteseka majani machanga ya juu: njano iliyopauka, mishipa ya kijani. Dalili hii ya mwisho si ngeni kwenye udongo wa chokaa wa mwambao na visiwani, ambako jiwe la matumbawe liko karibu na uso wa ardhi. Wanaomwaga majivu tutani kila wiki huizidisha, kwa kuwa majivu huvuta udongo upande huohuo wa chokaa.

Swali la tatu ni saa. Majani ya maboga yakilegea saa 8 mchana na kusimama tena jua linapotua, mmea unajikinga na joto tu. Yakiwa bado yamelegea saa 12 asubuhi, baada ya usiku mzima wa ubaridi, hapo kuna tatizo, na tatizo hilo liko kwenye maji, mzizi au shina.

Maji: pungufu na yaliyozidi

Mzizi unapumua. Udongo ukijaa maji siku nyingi, nafasi za hewa huzibwa, mizizi huanza kuoza na haiwezi tena kuvuta yale maji yanayoizunguka. Mmea unanyauka ukiwa ndani ya maji. Mwenye bustani anauona umelegea, anauhurumia, anaongeza ndoo nyingine. Sijui kosa linaloua mimea ya kwenye ndoo na viroba kuliko hili, hasa pale chombo kilipokosa matundu chini.

Kipimo chake hakina gharama. Chomeka kidole udongoni mpaka kifundo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia. Pakiwa na unyevu wa kutosha kushikamana na kidole, subiri. Pakiwa na tope na harufu ya kuoza, acha kumwagilia kabisa, toboa matundu, nyanyua tuta au chimba mfereji wa kutoa maji. Ukivuta mzizi mmoja mdogo utapata uhakika: mzizi mzima ni mweupe na mgumu kiasi, uliooza ni wa kahawia na ganda lake huchubuka ukilivuta kwa vidole.

Udongo wa kichanga kama wetu wa pwani una shida ya upande wa pili. Maji hupita kama kwenye chujio, yakiondoka na mbolea. Anayemwagilia kwa kunyunyiza juujuu kila jioni analowesha sentimita 2 za mwanzo tu, na mizizi hubaki hapohapo juu ikiungua na jua la kesho yake. Dawa ya mchanga ni mboji na samadi iliyooza vizuri, kisha matandazo ya majani makavu au nyasi juu ya tuta. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, taratibu, hadi maji yashuke kina cha shubiri. Majani yanayolala yakiwa yamelowa hukaribisha ukungu.

Hata nyanya yenye kidonda cheusi kitakoni, ambayo wengi huipulizia dawa, kwa kawaida ni kesi ya maji. Kalsiamu husafiri na maji kwenda kwenye tunda. Leo ndoo 2, kisha siku 4 bila kitu, na tunda linalokua haraka linakosa kalsiamu likaoza kitako. Chuma yaliyoharibika, tengeneza ratiba ya maji isiyobadilikabadilika, na matunda yanayofuata yatakuwa mazima.

Chakula na chumvi

Urea ina naitrojeni asilimia 46. Ni chakula kikali, na konzi moja kwenye shina la mche mchanga, udongo ukiwa mkavu, inaunguza mizizi kwa siku 2. Samadi mbichi ya kuku hufanya vivyo hivyo. Iache ioze kwanza hadi joto lake lishuke na harufu kali iondoke. Ukitia mbolea ya dukani, weka kidogo, mbali na shina kwa urefu wa kiganja, kwenye udongo wenye unyevu, kisha mwagilia. Mmea uliokwisha nyauka usiulishe. Mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kula, na mbolea inayobaki pale inakuwa chumvi ya kuujeruhi zaidi.

Chumvi yenyewe inastahili kutazamwa kwa makini na kila anayemwagilia kwa maji ya kisima ukanda wa pwani. Ncha na kingo za majani hukauka, mmea hudumaa, na udongo ukikauka hufanya utando mweupe juu. Onja maji yako. Yakiwa na munyu mdomoni, mmea nao unauhisi. Maharage hayavumilii hali hiyo. Spinachi yetu ya sokoni, ambayo kwa ukoo ni ndugu ya kiazisukari, huvumilia sana. Kwa hiyo sehemu ya tiba ni kuchagua mboga inayoiweza ardhi yako. Sehemu nyingine ni kukinga maji ya mvua na, msimu unapofika, kuiacha mvua ya masika ipite kwenye tuta na kuishusha chumvi chini ya mizizi.

Chini ya ardhi na ndani ya shina

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji akaze moyo. Kama maji na mbolea viko sawa na mmea bado unaanguka, ng'oa mmoja, ule ulio hoi zaidi. Usiuvute kwa nguvu, maana mizizi inayosimulia habari itakatikia ardhini. Legeza udongo pembeni, nyanyua, suuza ndani ya ndoo.

Ukiona uvimbe uliomo ndani ya mzizi wenyewe, usiobanduka ukiukwaruza, ni minyoo fundo, viumbe wadogo mno wanaopenda udongo wa kichanga wenye joto. Hushambulia nyanya, ngogwe, bamia, matango, mchicha na nyingine nyingi. Usichanganye na vinundu vya kunde na maharage. Hivyo vimeshikizwa kando ya mzizi, hubanduka kwa kidole, na ukivipasua vilivyo hai vina wekundu ndani. Hao ni bakteria rafiki wanaoulisha mmea naitrojeni.

Mizizi ikiwa safi, hamia kwenye shina. Mnyanya ulionyauka ghafla ukiwa bado wa kijani kibichi, ukate shina karibu na ardhi kwa kisu safi, ulishike ndani ya glasi ya maji meupe, kipande kikining'inia bila kugusa chini. Tulia dakika chache. Uzi mweupe kama wa maziwa ukianza kushuka kutoka kwenye mkato, hao ni bakteria wa mnyauko, na hakuna dawa ya dukani itakayouponya mmea huo. Nilipolifanya jaribio hili kwa mara ya kwanza, nilikaa nikitazama uzi ule ukishuka kama moshi uliogeuzwa kichwa chini, nikaelewa kwa nini ndoo za maji zisingefua dafu kwa mnyanya ule. Mishipa ilikuwa imezibwa. Usipoona uzi, lakini ndani ya shina pana michirizi ya kahawia, na njano ilianza chini ikapanda polepole, pengine upande mmoja tu, huo ni mnyauko wa ukungu wa udongoni. Nao hauponi.

Miche ya kitaluni inayolala kwa mkupuo, shina likiwa limenywea usawa wa ardhi, imepatwa na kinyausi: mbegu zimebanana, maji yamezidi, hewa haipiti. Iliyokatwa kabisa kama kwa mkasi ni kazi ya sota. Fukua udongo kuzunguka shina asubuhi na mapema, utamkuta amejikunja.

Wadudu na virusi

Mdudu ni rahisi kumtambua endapo tutageuza jani. Vidukari hukaa chini ya jani na kwenye vikonyo vichanga. Sisimizi wanaopanda na kushuka shinani ni ishara yao, kwani huwalinda vidukari kwa ajili ya utomvu mtamu wanaoutoa. Utitiri huacha vidoadoa vya njano vingi kama vumbi na utando mwembamba, hasa kiangazi. Viwavi wa mchicha hulikunja jani na kulishona, wakala wakiwa ndani. Kantangaze, aliyeingia Tanzania na Kenya mwaka 2014 akitoka mbali, asili yake Amerika Kusini, huchimba mapango mapana ndani ya jani la mnyanya na kuacha kinyesi cheusi, kisha hutoboa tunda.

Kwa bustani ya nyumbani, mikono na maji vinatosha kuanzia. Vidukari na utitiri uwaoshe kwa maji yenye nguvu upande wa chini wa jani, siku 3 mfululizo. Wakirudi, tumia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1, ukijaribu majani machache kwanza, na upulizie jioni. Viwavi waokote. Majani yenye mapango ya kantangaze yachume mapema uyafunge kwenye mfuko uliowekwa juani. Mwarobaini husaidia, kwa kuwa humkatisha mdudu hamu ya kula na kumvuruga anapojivua ngozi. Hautibu bakteria wala mnyauko, na anayemwaga maji ya mwarobaini kwenye mche wenye mnyauko anapoteza muda wake na majani ya mti wake.

Inzi weupe wanastahili hofu zaidi ya ukubwa wao. Wanaponyonya mnyanya hupandikiza virusi: majani hukunjamana kuelekea juu, kingo zinakuwa njano, mmea unabaki kibeti na maua yanapukutika. Virusi havina tiba. Mmea mmoja wenye virusi ukiachwa kwa huruma unakuwa kisima cha kuambukizia tuta zima.

Wa kuuguzwa na wa kuagwa

Uchunguzi wote huu unaishia kwenye uamuzi mmoja: huu uuguzwe, huu uondolewe. Wanaoweza kupona ni waliodhurika kwa kiu, maji mengi, njaa, chumvi, joto na wadudu wa juu ya jani. Hali ikirekebishwa, tazama jani jipya. Jani lililokwisha ungua halirudi kijani, kwa hiyo usilitumie kupima maendeleo. Majani machanga 2 au 3 yakitoka mazima, mmea umevuka. Wauguze kwa kivuli chepesi cha makuti au neti kwa siku kadhaa, punguza matunda na maua ili mizizi ipate nguvu, kata yaliyooza, na uanze mbolea kidogokidogo pale tu majani mapya yanapochipua. Sukuma wiki iliyozeeka shina inaweza kukatwa juu ikachipua upya pembeni. Matembele hata hayahitaji kuuguzwa: kata kipande kizima, pandikiza kwingine.

Wa kuagwa ni wenye mnyauko wa bakteria au wa ukungu wa udongoni, wenye virusi, na wale ambao mizizi yao imegeuka vinundu vitupu. Watoe pamoja na udongo wa karibu, usiwatupe kwenye shimo la mboji, osha jembe na kisu. Kisha uguza udongo wenyewe. Palipotokea mnyauko, usirudishe nyanya, bilinganya, ngogwe, pilipili, mnavu wala viazi mviringo, maana wote ni ukoo mmoja na bakteria wa mnyauko huwajua kwa jina. Kwa minyoo, lowesha tuta, lifunike kwa nailoni angavu na kuzika kingo zake, uliache wiki 4 hadi 6 za jua kali, kisha lijaze mboji. Bangimwitu, ule mmea wenye harufu kali unaoota wenyewe nyanda za juu, na ndugu zake wa maua ya bustanini, hupunguza minyoo ukipandwa kwa wingi.

Wataalamu wakubwa nao wamepita njia hii ya mzizi. World Vegetable Center, yenye kituo Arusha tangu 1992, ilieneza ufundi wa kuunganisha kikonyo cha mnyanya juu ya shina la bilinganya linalostahimili mnyauko. Mlaji anapata nyanya zake, na chini ya ardhi wanafanya kazi mizizi ya bilinganya.

Kabla ya bomba la dawa

Sipingi viuatilifu. Baka jani likiingia kwenye nyanya za Lushoto au Njombe wakati wa mvua na ubaridi, linaweza kuteketeza shamba kwa siku chache, na mkulima anayetegemea mavuno hayo ana haki ya kutumia dawa iliyosajiliwa. Kwa Tanzania, kazi hiyo ya usajili ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Lakini mchicha wa nyumbani unachumwa wiki ya 3 au ya 4, na sukuma wiki huchumwa kila baada ya siku chache. Kila dawa ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, na mara nyingi siku hizo ni nyingi kuliko muda uliobaki kabla ya jani kuingia chunguni. Dawa iliyopuliziwa kwa kubahatisha haimwachi mtu na hasara ya fedha tu. Watoto wataila jioni.

Ukikwama, tafuta afisa ugani au kliniki ya mimea. Kliniki hizo zimeenea Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania kupitia programu ya Plantwise ya shirika la CABI iliyoanza mwaka 2011, na wanachokuomba ni mfano wa mgonjwa. Usiende na jani. Nenda na mmea mzima, mizizi na udongo wake kidogo, na ueleze ulivyomwagilia, ulichotia na kilichokuwa kimepandwa pale awali.

Tuta langu la ngogwe nililifunika kwa nailoni mwezi wa kwanza, jua la Dar es Salaam likiwa kali. Katikati ya mwezi wa pili nililifunua, nikachanganya ndoo 6 za mboji, nikapanda miche 4 tu ya majaribio. Wiki ya 7 ilipofika nikamwita mama yule. Hakutazama majani. Alipiga magoti, akachimbua pembeni ya mche mmoja kwa vidole, akafuata mzizi mpaka ncha. Ulikuwa mweupe, umenyooka, na vinundu 2 tu vidogo. Akarudishia udongo, akaushindilia kwa kiganja, akasema, "Huu utazaa." Tulichuma ngogwe za kwanza wiki 3 baadaye.